Kichupa Kilichopanda Pikipiki

Kilikuwa kichupa cha mayonezi. Lebo ilibanduliwa nusu, gundi bado inanata vidoleni, na kifuniko kimekazwa kwa nguvu za mtu anayeogopa kumwaga. Mwenyewe alikitoa mfuko wa nje wa koti, akakiweka mezani bila kunitazama.

"Mama, nani anapima hii? Hakuna mwanaume humu?"

Nikamwambia anayepima ni mimi. Akatazama dari, akatazama mlango, mwishowe akakaa. Wengi huwa hivyo. Damu watakupa, mkojo watakupa, lakini kichupa hiki mtu hukikabidhi kama anayekabidhi jina lake.

Ilikuwa mwezi wa saba, Lubumbashi. Wasiokaa huku hudhani Kongo nzima ni joto na jasho. Waje mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, kipimajoto kiko chini ya nyuzi 10, wauza mikate wamejifunga vitenge viwili viwili na moshi wa makaa umelala chini kama ukungu. Yule bwana alikuwa ametoka Ruashi kwa pikipiki. Habari hiyo ya pikipiki sikuiuliza siku ile. Nilikuja kuijua miezi mitatu baadaye.

Niliweka tone la shahawa juu ya kioo, nikafunika, nikasogeza chini ya hadubini. Kioo chenyewe kilikuwa baridi, kimelala usiku kucha kwenye kabati la chuma karibu na dirisha. Mbegu zilikuwapo, tena nyingi, lakini zimetulia tuli. Moja huku inatikisa mkia, nyingine kule inajizungusha palepale kama kuku aliyekwisha chinjwa. Nikahesabu. Zinazotembea: asilimia 2.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mbegu nyingi zisipotembea, unachukua rangi ya eosini. Mbegu iliyokufa ngozi yake imetoboka, rangi inaingia na kichwa kinakuwa chekundu. Iliyo hai hukaa nyeupe hata kama haisogei. Kazi ya dakika chache. Ila eosini yetu ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla, na karatasi ya kuagiza nyingine imelala juu ya meza ya mtu fulani ikisubiri sahihi. Mgonjwa amelipa, foleni ni ndefu, karatasi lazima itoke. Nikaandika neno moja: nekrospermia.

Kwa lugha ya maabara neno hilo maana yake mbegu zimekufa. Mimi sikuwa nimeona mbegu zilizokufa. Nilikuwa nimeona mbegu zisizotembea.

Karatasi ilifika nyumbani, na nyumbani kulikuwa na shemeji anayefanya kazi ya uuguzi, anayejua Kifaransa cha hospitali. Akaisoma kwa sauti. Miaka sita ukoo wa mume ulikuwa unamsema mke: amezungushwa vyumba vya maombi, amenyweshwa mizizi, ameambiwa alipokuwa msichana alifanya hiki na kile. Miaka sita hakuna aliyempima mume. Sasa siku moja amepimwa, na karatasi ina mhuri: mbegu za huyu zimekufa. Kaka zake mke wakaja na gari kumchukua dada yao. Mambo ya mali yakaanza kuzungumzwa, nani alitoa nini na nani atarudishiwa nini.

Hayo yote nilisimuliwa na bwana mwenyewe aliporudi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi ndio joto letu kali kuliko yote, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye droo. Alisimama mlangoni, safari hii bila koti, akasema:

"Mama, nimekuja kuona kama bado nimekufa."

Sikucheka. Yeye alicheka kidogo, halafu akaacha.

Nilimpa kichupa chetu, kipana, kisafi, kisicho na sabuni. Nikamwambia asitumie mate wala mafuta wala losheni, kwa sababu vyote hivyo vinadhuru mbegu. Chumba cha kutolea hatukuwa nacho, watu tuliwaelekeza chooni, na hilo lilinitia aibu kila siku. Nikamwomba daktari anipe ufunguo wa stoo yake kwa nusu saa. Kichupa kiliponifikia kilikuwa bado na joto la mwili. Nikakiweka kwenye inkubeta, sanduku letu la kutunza joto, nikasubiri shahawa ilainike, maana inapotoka huganda na kuhitaji nusu saa hivi, wakati mwingine hadi saa nzima. Vioo nilikuwa nimevipasha moto mapema.

Asilimia 46 zilikuwa zinatembea, na 35 zikienda mbele moja kwa moja, siyo kuzunguka. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la 2021, kinaweka mpaka wa chini kwenye asilimia 42 kwa zinazotembea zote na 30 kwa zinazoenda mbele. Idadi yake nayo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mpaka, ambao ni milioni 16 kwa kila mililita. Na mpaka huo si kusema kwamba chini yake mtu hazai. Ulipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, ukachukuliwa ule mstari ambao asilimia 5 tu kati yao wako chini yake. Wale waliokuwa chini ya mstari walikuwa baba za watu.

"Ile ya kwanza," nikamuuliza, "uliileta namna gani?"

Akaeleza. Aliamka saa kumi na moja na nusu. Kichupa alikuwa amekiosha jana yake kwa sabuni ya unga, sana, ili kiwe safi. Akakitia mfuko wa nje wa koti. Pikipiki ikaisha mafuta njiani. Alipofika hospitali akakaa foleni ya kulipa, halafu foleni ya kaunta. Nilipopiga hesabu nikapata karibu saa mbili na nusu, baridi ya asubuhi ikipuliza juu ya ule mfuko wakati wote pikipiki inatembea. Shahawa inatakiwa isafiri katika joto la kati ya nyuzi 20 na 37 na ifike ndani ya saa moja au chini ya hapo.

Sabuni, baridi, muda. Katika hao watatu sijui aliyeua ni yupi, au kama wote walishirikiana, au kama kweli zilikufa. Pengine zilikuwa zimeganda tu kwa baridi na ningezipasha moto kidogo zingeamka. Eosini ingeniambia. Na kama haikuwapo, kulikuwa na njia nyingine niliyofundishwa shuleni na kuisahau: unaandaa maji yenye sitrati ya sodiamu na fruktozi kidogo, unatia mbegu humo, na zilizo hai mikia yake huvimba na kujikunja. Sitrati ilikuwa kwenye rafu yetu, umbali wa mkono.

Mtu anaweza kusema, hai isiyotembea na iliyokufa, tofauti iko wapi kama mtoto hapatikani? Tofauti ni kubwa mno. Tangu 1992, Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels walipotangaza watoto wa kwanza waliopatikana kwa kuchukua mbegu moja kwa sindano na kuiingiza ndani ya yai moja, mwanaume mwenye mbegu chache au zilizolala ana mlango. Ila mbegu lazima iwe hai. Mbegu iliyokufa haimfungulii mtu mlango wowote. Kwa hiyo mtu wa maabara akiandika "zimekufa" mahali pa "hazitembei", amefunga mlango ambao hata haujui. Wakati ule mimi nilikuwa siujui. Niliusoma baadaye.

Na kuna shaka nyingine ambayo haki inanilazimu kuiweka mezani. Mbegu moja hutengenezwa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi. Mtu akipata homa kali ya malaria leo, madhara yake utayaona kwenye kichupa cha wiki nyingi zijazo, si cha kesho. Inawezekana mwezi wa saba yule bwana alikuwa kweli dhaifu kwa homa ya mwezi wa tano, na mwezi wa kumi amepona. Yeye anasema hakuugua. Namwamini, lakini ndiyo maana kipimo kimoja hakihukumu mtu. Viwe viwili, na kati yake ziwepo wiki kadhaa. Siku hizi sikupi karatasi yenye habari mbaya kwa kipimo kimoja bila kuandika chini yake, kwa mkono na kwa herufi kubwa: RUDI.

Baada ya siku ile nilianza kuwa mtu wa kukera. Mwenzangu wa kazi, ambaye tunamwita Yaya kwa sababu ametuzidi umri sote, alisema nimepata wazimu wa vipimajoto. Nilinunua vitatu kwa pesa yangu. Kimoja nikakitia ndani ya inkubeta yetu ambayo kioo chake cha nje kilikuwa kikionyesha 37 tangu nianze kazi hapo. Kipimajoto kikasema 33. Nikakihamishia rafu ya chini: 35 na nusu. Nikamwita Yaya aje kuona. Akatazama, akagonga ile inkubeta kwa kiganja kama mtu anayegonga redio ya zamani, akasema, "Miaka yote hii inatudanganya?" Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yetu, na tukaona jambo jingine: baada ya nusu saa bila umeme ilikuwa 27, na tunaifungua mlango kila mara kama friji ya nyumbani.

Tukapanga. Kazi ya shahawa ikahamia saa ambazo jenereta inawashwa. Vioo vikakaa ndani ya inkubeta, siyo kabatini. Kila asubuhi mtu wa kwanza kufika anasoma kipimajoto cha ndani na kuandika kwenye daftari, pamoja na jina lake. Wiki ya kwanza Yaya aliandika 37 siku zote tano. Nikamwambia, "Yaya, hata mwili wako hauko 37 siku tano mfululizo." Akanuna siku mbili, halafu akaanza kuandika ukweli.

Kuhesabu ndiko kulikotuumiza zaidi. Tunatumia kioo cha Neubauer, chenye miraba iliyochorwa, unahesabu mbegu ndani ya miraba kisha unapiga hesabu ya mililita. Zamani nilikuwa nikifika mbegu 50 natosheka. Nikaja kusoma kwamba kwa bahati tu, bila kosa la mkono wa mtu, ukihesabu 100 unaweza kukosea kama asilimia 10, na ukihesabu 400 kosa linashuka hadi 5. Ndiyo sababu kitabu kinataka uchukue sampuli mara mbili, uhesabu 200 na 200, halafu ulinganishe. Tukajaribu, mimi na Yaya, kichupa kimoja, kila mtu na kioo chake, bila kuchungulia. Mimi nilipata milioni 31. Yeye 52.

Tulikaa kimya. Ni kama wanandoa wawili waliogundua kwamba kila mmoja amekuwa akihesabu pesa za nyumba kivyake. Kumbe yeye hakuwa anachanganya shahawa vizuri kabla ya kuchota, na mimi pipeti yangu ilikuwa ya kuchotea maji, siyo kitu kizito kinachonata. Shahawa nzito inabaki ukutani mwa pipeti na unachoweka kwenye kioo ni pungufu. Tulirudia kila Ijumaa kwa miezi. Siku ya kwanza tulipokaribiana, 44 na 47, Yaya alinunulia maabara nzima soda.

Miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kukaa wiki tatu katika maabara ya viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, huko Johannesburg. Huku kwetu wenye uwezo wanaotafuta mtoto hupanda ndege, wengine Afrika Kusini, wengine India, na mimi nilitaka kuona kinachofanyika nyuma ya ule mlango wanaolipia.

Siku ya kwanza nilizuiwa mlangoni kwa sababu ya manukato. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, na sisi kutoka nyumbani bila kunukia ni sawa na kutoka bila viatu. Mama mmoja mfupi, mkuu wa chumba kile, akaninusa, akanirudisha kuoga. Hewa ya chumba cha viinitete huchujwa, na harufu ya manukato, ya rangi mpya ya ukuta, ya dawa ya sakafu, ni kemikali zinazoelea na kuweza kuingia ndani ya tone ambamo kiinitete kinakua. Taa zimefifishwa. Dirisha hakuna. Watu wanaongea chini chini kama wako kwenye msiba au kanisani. Tone lenyewe ni dogo kuliko chozi, limefunikwa na mafuta ili lisikauke wala kupoa, na ndani yake kuna kitu ambacho siku ya tatu kina seli 6 hadi 8, na siku ya tano, kikifika, kimekuwa mpira wenye uwazi katikati.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba vile vipimajoto vyangu vitatu havikuwa wazimu. Na nikaongeza kitu kimoja nisichokuwa nimekifikiria kabisa. Yule mama mfupi aliniuliza, "Kwenu ni mita ngapi juu ya bahari?" Nikasema 1,200 na ushei. Akanionyesha inkubeta zao. Kiinitete kinahitaji gesi ya kaboni dioksidi, maana ndiyo inayoshika uchachu wa maji yale yabaki pale pale, kwenye pH kati ya 7.2 na 7.4. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa pwani, vinasema asilimia 5 au 6. Lakini Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, na asilimia ileile ya hewa nyepesi ni gesi pungufu. Kwa hiyo wao huipandisha, kisha wanapima pH yenyewe badala ya kuamini namba ya mlangoni. Hewa ya Lubumbashi nayo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13. Atakayefungua kazi hiyo mjini kwetu akinakili namba za kitabu bila kuuliza amesimama kwenye mlima gani, viinitete vyake vitakuwa kwenye maji yaliyopungukiwa uchachu na yeye atalaumu wagonjwa.

Kwenye ukuta wa chumba cha chai kulikuwa na picha ya watu watatu: Robert Edwards, Patrick Steptoe, na mwanamke mmoja ambaye sikumjua. Ndipo nikasikia habari za Jean Purdy. Alisomea uuguzi, akawa mtu wa maabara, na inaelezwa kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona chini ya hadubini kile kiinitete kikigawanyika, ambacho Julai 1978 kilizaliwa Oldham, Uingereza, kikaitwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa maabara, kwa kazi ya hao watatu. Purdy alifariki 1985, hajafika miaka 40. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Jina la Purdy halikuwekwa kwenye kibao cha kumbukumbu pale Oldham hadi 2015, ingawa Edwards mwenyewe alikuwa ameliomba. Niseme tu kwamba nilikunywa chai yangu chini ya picha ile kila siku kwa wiki tatu.

Kitu nilichorudi nacho mizigoni ni desturi ya shahidi. Hakuna tone linalohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila mtu wa pili kusimama pembeni, kusoma jina, namba na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, na kutia sahihi. Niliporudi nikaianzisha kwetu, maana wakati huo tulikuwa tumeanza kusafisha mbegu kwa ajili ya kupandikiza ndani ya mji wa mimba. Shahawa unaiweka juu ya majimaji ya uzito mbili, unaizungusha kwenye sentrifuji, zenye nguvu zinashuka chini, taka zinabaki juu. Kazi si ngumu. Kinachotisha ni mirija miwili inayofanana iliyosimama kwenye kishikio kimoja.

Yaya alisema shahidi ni kupoteza muda, sisi wagonjwa wetu wawili watatu kwa wiki tutawachanganyaje. Basi asubuhi moja wakaja wawili, na wote wawili wana jina lile ambalo ukiliita kwa sauti katikati ya soko la Kenya wanageuka watu kumi. (Kenya hii ni komini yetu ya Lubumbashi, ndugu zangu wa Nairobi msishtuke.) Jina la kwanza nalo lilikuwa moja, la mtakatifu yuleyule. Yaya alishika mrija, akasoma jina, likawa sawa. Mimi nikasoma tarehe ya kuzaliwa: 1979. Fomu ya mama aliyekuwa amelala ndani akisubiri ilisema mumewe ni wa 1986. Yaya aliuweka ule mrija chini taratibu sana, kama mtu aliyeokota bomu. Tangu siku hiyo ndiye anayeita shahidi kwa sauti kubwa kuliko wote, hata kwa kipimo cha mkojo.

Nimejifunza pia kuuliza kazi ya mtu. Fomu yetu ya zamani ilikuwa na jina, umri na kiasi alicholipa. Lakini huu ni mji wa shaba na kobalti. Korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana Mungu alizining'iniza nje, na mtu anayesimama mbele ya tanuru la kuyeyushia saa nane kwa siku anazipika polepole. Mchomeleaji vyuma, dereva wa lori la kwenda Kasumbalesa anayekaa juu ya injini, wote nawauliza. Utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi na kuchapishwa 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health ulikuta uhusiano kati ya baba kufanya kazi za migodi na mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Haukuhesabu mbegu, na mimi sitaunyoosha useme usichosema. Ila ulinitosha kuongeza mstari mmoja kwenye fomu.

Na wanawake? Hilo ningeliandikia siku nzima. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Hata hivyo nane kati ya kumi wanaoingia mlango wangu wa kwanza ni wanawake, wakiwa na faili nene, na mume hajawahi kukanyaga hapo. Hiyo nane ni ya macho yangu, siyo ya kitabu. Wengi wao mirija ya uzazi haijapigwa picha hata mara moja, ingawa mirija kuziba kwa maambukizi ya zamani ni sababu kubwa katika Afrika yetu, na mama yake Louise Brown mwenyewe mirija ndiyo iliyokuwa imeziba. Faili limejaa homoni, limejaa dawa za minyoo, limejaa karatasi za maombi. Picha ya mirija, hakuna. Mke wa yule bwana wa Ruashi alikuwa hivyohivyo: miaka sita, mizizi na mafuta ya upako, picha hakuna.

Yule bwana sijamaliza naye. Mwezi ule wa kumi, nilipomwonyesha namba mpya, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alishika karatasi mbili, ya zamani na mpya, moja mkono huu, moja mkono huu.

"Mama, hii itaniponya mimi. Wale nyumbani watasema nimenunua."

Akaomba barua. Barua inayosema kwamba karatasi ya kwanza ilikosewa, na imekosewa na sisi, siyo na yeye. Nikaenda kwa mkubwa wa kazi. Akanisikiliza akiwa amesimama, akasema hospitali haiwezi kuandika kwamba imekosea, kesho watakuja mia moja kudai pesa. Mpe karatasi mpya, inatosha. Nikamwambia karatasi ya kwanza ilikuwa na mhuri. Akasema ndiyo, na mhuri huo hautoki tena kwa jambo hilo.

Nilirudi mezani. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa Kiswahili ili shemeji yule asiwe mkalimani tena. Niliandika kwamba mimi, mpimaji, tarehe fulani, niliandika neno nisilokuwa na haki ya kuliandika kwa sababu kipimo cha kulithibitisha sikukifanya. Kwamba kichupa kilifika kimechelewa na kimepoa, na mimi sikuuliza. Kwamba kwa kipimo cha leo bwana huyu mbegu zake ni hai na zinatembea, na kwamba mke wake hajapigwa picha ya mirija na ni vizuri wote wawili waje pamoja. Nikatia jina langu kamili na sahihi. Mahali pa mhuri pakabaki peupe.

Akaisoma mara mbili, midomo ikisogea. Pale peupe akapagusa kwa kidole.

"Hakuna mhuri."

"Hakuna."

Akaikunja mara nne. Nilimwona akitafuta mfuko: akagusa wa nyuma wa suruali, akaacha. Akafungua vifungo viwili vya shati, akaitia ndani, upande wa kifua, kwenye ngozi, pale pale nilipokuwa nimemwambia nusu saa kabla kwamba ndipo mtu anapobebea kichupa kama anatoka mbali.